Je, Yawezekana Wengi Kuwa Mume na Mke wa Wote?
Somo la mwezi kwa walimu, wazee wa sharika na wasomaji wote

Somo la mwezi huu latokana na kosa langu mwenyewe.

Siku moja, katika darasa la kipaimara, kijana aliyekuwa amerudi kutoka mjini aliinuka akaniuliza: "Mwalimu, huko nilikokuwa nimesikia ya kuwa wako watu wa ng'ambo, wanaume na wanawake, wanaopendana watatu, wanne, au zaidi, kila mmoja akijua habari za wenzake, wala hakuna afichaye neno. Wasema ya kuwa hiyo ndiyo asili ya binadamu, na ya kuwa mume mmoja na mke mmoja ni kongwa tu tulilotiwa shingoni. Je, ni kweli?"

Nami nikamjibu kwa haraka: "Mwanangu, jambo hilo halijapata kuwako duniani, wala haliwezekani, wala mtu amchaye Mungu hawezi hata kulifikiri." Kijana akaketi, darasa likaendelea.

Jibu langu halikuwa kweli, ingawa sikukusudia kusema uongo. Jambo hilo limepata kuwako, likadumu zaidi ya miaka thelathini, na walioliweka walikuwa watu waliosoma Biblia kila siku. Mwalimu akimjibu kijana neno lisilo kweli, hata kwa nia njema, amempa sababu ya kutomsadiki katika yale yaliyo kweli. Basi tujifunze habari hizi pamoja, polepole, ili tukiulizwa tena tujibu kama watu wanaojua.

1. Jina na maana yake

Watu wa Ulaya na Marekani huliita jambo hili poliamori. Jina hilo limeungwa kwa Kigiriki na Kilatini, na maana yake ni mapenzi mengi. Lilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maana yake kamili ni hii: mtu kuwa na wapenzi zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, wote wakijua na wote wakiwa radhi.

Yafaa tulitenge na mambo mawili tunayoyajua sana kwetu.

Kwanza, si uzinzi wa siri. Mzinzi huficha, hawa hujigamba ya kuwa hawafichi. Pili, si mitala. Katika mitala mwanamume mmoja huoa wake wengi, naye mke hana ruhusa ya kuwa na mume mwingine. Tena iko mahari, wako wakwe, uko ukoo unaojua mtoto ni wa nani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huikubali ndoa ya wake wengi, na sheria ya Kenya ya mwaka 2014 vivyo hivyo. Poliamori ni neno jingine: mwanamke ana ruhusa sawa na mwanamume, na kwa kawaida hapana mahari wala ukoo uliokaa pamoja kupatana.

Wala tusidhani ya kuwa ni maneno ya barazani tu. Mwaka 2020 baraza la mji wa Somerville, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, liliweka sheria ya kuandikisha watu zaidi ya wawili kuwa wenzi wa nyumba moja. Mji wa jirani, Cambridge, ukafuata mwaka 2021.

2. Je, ni asili ya binadamu?

Wanaosema ya kuwa jambo hili ni asili hupenda kuwaonyesha wanyama. Basi nasi tuwatazame wanyama wa kwetu. Digidigi huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo lao. Bweha wa mgongo mweusi nao huishi hivyo, wakilea watoto wao pamoja. Swala pala si hivyo; dume mmoja hulinda kundi la majike na kuwafukuza madume wengine. Tena sokwe wa Gombe, karibu na Kigoma, hawana mume wala mke. Jike hupandwa na madume wengi, na dume huwapanda majike wengi.

Hayo yote ni asili. Mtu akitaka kumfuata mnyama hana budi kuchagua kwanza ni mnyama yupi. Na akiisha kuchagua, si asili iliyomwamuru, ni yeye mwenyewe.

Wengine huacha wanyama na kuzitazama desturi za mataifa. Mtaalamu wa Marekani, George Peter Murdock, alikusanya habari za jamaa za watu wa dunia yote. Katika hesabu inayotokana na kazi yake zimo jamii 1,231. Katika hizo, 186 zina desturi ya mume mmoja na mke mmoja. Katika 453 kuoa wake wengi kuko, lakini ni kwa mara chache. Katika 588 kuko zaidi. Na katika 4 tu mke huolewa na waume wengi.

Hapo twajifunza mambo mawili. La kwanza, asemaye ya kuwa watu wote wa dunia siku zote wameoana mmoja kwa mmoja hasemi kweli. Nasi Waafrika twajua hivyo bila kuambiwa. La pili, katika hesabu hiyo hakuna fungu la watu ambao wote ni waume na wake wa wote. Tena hata palipo na mitala, wanaume wengi hukaa na mke mmoja, maana wavulana na wasichana huzaliwa karibu sawasawa kwa hesabu.

Basi swali la asili halitatufikisha mbali tukiliuliza hivyo. Naona liko swali lililo bora. Ukitaka kujua maji ya mto yanataka kwenda wapi, tazama mahali watu wanapojenga tuta la kuyazuia. Vivyo hivyo, ukitaka kujua moyo wa binadamu waelekea wapi, watafute watu waliojaribu kuishi kwa njia nyingine, kisha uulize: walilazimika kujenga tuta wapi? Watu hao tunao. Ni jumuiya ya Oneida.

3. John Humphrey Noyes na jumuiya yake

John Humphrey Noyes alizaliwa mwaka 1811 katika jimbo la Vermont, huko Marekani. Alikuwa kijana mwenye akili nyingi. Mwaka 1831, wakati wa uamsho mkubwa wa dini, moyo wake uligeuka, akaacha kusomea sheria akaenda kusomea uchungaji, kwanza huko Andover, kisha katika chuo cha Yale. Akapewa ruhusa ya kuhubiri. Lakini mwaka 1834 alitangaza ya kuwa amefikia ukamilifu, hana dhambi tena. Wakubwa wake wakamnyang'anya ile ruhusa.

Noyes alifundisha ya kuwa Kristo alikuwa amekwisha kurudi mwaka 70, Yerusalemu ulipobomolewa, na kwa hiyo waamini waweza kuishi sasa hivi kama watu wa ufufuo. Akasoma katika Injili ya Mathayo, sura ya 22, ya kuwa katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi. Sisi husoma hapo ya kuwa ndoa ina mwisho wake. Yeye alisoma ya kuwa ndoa ya wawili ina mwisho wake, na mahali pake pawe ndoa ya wote. Tena akasoma katika Matendo ya Mitume ya kuwa waamini wa kwanza walishiriki mali zote. Akasema, kama mali, mbona si mapenzi?

Liko na jambo jingine, nalo latupasa kumhurumia. Noyes alimwoa Harriet Holton mwaka 1838. Katika miaka sita Harriet alizaa mara tano, na watoto wanne katika hao hawakupona. Noyes aliyaona mateso ya mkewe, akaapa moyoni ya kuwa hatamtia tena katika taabu ile. Mafundisho yake mengi juu ya mume na mke yalianzia kando ya kitanda kile.

Mwaka 1846, katika mji wa Putney, yeye na wenziwe wachache walianza kuishi kwa ndoa ya wote. Mwaka uliofuata alishtakiwa kwa uzinzi, akakimbia. Mwaka 1848 jumuiya ikaanza upya Oneida, katika jimbo la New York. Wakati wa kuvunjika kwake ilikuwa na watu kama 300.

4. Mema yao

Haifai kuwasimulia watu hawa kama wahuni, maana hawakuwa hivyo. Walifanya kazi sana. Mmoja wao, Sewell Newhouse, alikuwa fundi wa mitego ya chuma ya kunasia wanyama wa manyoya, na mitego hiyo ikawapatia fedha nyingi. Walitia matunda katika makopo, wakasokota nyuzi za hariri, na mwaka 1877 wakaanza kutengeneza vijiko na uma. Walijijengea nyumba kubwa ya matofali, yenye maktaba na ukumbi wa mikutano na muziki. Nyumba hiyo ingaliko hata leo.

Hapakuwa na maskini kati yao. Wazee na wagonjwa walitunzwa. Wanawake walifanya kazi ambazo wanawake wengine wa wakati ule hawakuruhusiwa, wakakata nywele na kuvaa nguo fupi zisizowazuia kutembea na kufanya kazi. Mwanamke aliweza kumkataa mwanamume aliyemwomba, na hapakuwa na mume wa kumlazimisha. Tena wanaume walifundishwa kujizuia ili wanawake wasishike mimba wasizozitaka. Kwa miaka ishirini ya kwanza watoto wachache tu walizaliwa.

Basi twakiri: iliwezekana. Watu mia tatu, wenye akili na bidii, waliishi hivyo. Sasa tuulize: tuta lao lilikuwa wapi?

5. Adui wao alikuwa nani?

Mtu angedhani ya kuwa adui wao mkubwa alikuwa tamaa ya mwili. Sivyo, hiyo waliitawala kwa amri na taratibu. Wengine wangedhani ni wivu. Wivu ulikuwako, lakini wao wenyewe waliona ya kuwa wivu ni moshi, na moto ni kitu kingine. Huo moto waliuita upendo wa pekee.

Upendo wa pekee ndio huu: mwanamume na mwanamke kupendana wao kwa wao kupita wanavyowapenda wengine. Katika Oneida hilo lilikuwa kosa. Mtu asimchague mtu. Ampende kila mmoja kwa kadiri ya imani yake. Kwa hiyo wakaweka sheria. Mwanamume asimwendee mwanamke mwenyewe, bali aombe kwa mtu wa tatu, mara nyingi mama mtu mzima, ili wakuu wajue nani amemwomba nani, na mara ngapi. Vijana wasiandamane na vijana wenzao, bali washirikiane na watu waliowazidi umri na imani. Wawili wakionekana kushikamana, hutengwa. Pengine mmoja hupelekwa katika tawi lao lililokuwa Wallingford, katika jimbo la Connecticut.

Tena walikuwa na desturi ya kukosoana. Mtu huketi kimya mbele ya wenziwe, nao husema makosa yake yote mmoja baada ya mwingine. Makosa hayo yalikuwa ya namna nyingi, na upendo wa pekee ulikuwa mojawapo.

Wahenga wetu wamesema ya kuwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Tirzah Miller alikuwa binti wa dada yake Noyes, mwanamke mwenye elimu na cheo katika jumuiya. Aliandika habari za moyo wake katika kumbukumbu zilizochapwa kitabu mwaka 2000. Aliamini mafundisho ya mjomba wake kwa moyo wote. Walakini alimpenda Edward Inslee, mpiga muziki, akamzalia mtoto, na wakuu wakawatenganisha. Asomaye kumbukumbu zake amwona mwanamke anayejikemea kila siku, akijaribu kuung'oa moyoni mwake upendo ambao hakuna mtu angemlaumu kwao katika nyumba nyingine yoyote ya nchi ile.

Ndugu, litafakarini jambo hili. Watu hawa waliondoa kongwa la ndoa ya wawili, kama wanavyosema watu wa leo. Ingalikuwa hilo ni kongwa tu, lilipoondolewa watu wangalitulia. Lakini wawili walizidi kujitenga wawili wawili, katika kila kizazi, hata miongoni mwa waliozaliwa humohumo wasiojua ndoa nyingine. Tuta lilijengwa hapo. Basi maji yalitaka kupita hapo.

6. Mama na mtoto

Upendo wa pekee hauko kwa mume na mke tu. Akina Noyes waliona, nao waliona sawasawa, ya kuwa mama akimpenda mtoto wake kuliko watoto wengine, umoja wa wote utapasuka upande ule. Kwa hiyo mtoto alipoachishwa ziwa na kuanza kutembea alihamishiwa nyumba ya watoto, akalelewa na walezi, na mama yake akapewa zamu ya kuonana naye.

Hata mchezo uliogopwa. Siku moja wasichana wadogo wa nyumba ile waliongozwa kukata shauri la kuwachoma moto wanasesere wao, kwa sababu kumbeba mwanasesere wako mwenyewe ni kujifunza kupenda kilicho chako. Wanasesere wakatiwa jikoni.

Mwaka 1869 Noyes alianzisha mpango wa uzazi: wakuu wachague nani azae na nani, ili wapatikane watoto bora kwa mwili na roho. Wanawake vijana 53 walitia sahihi karatasi ya kukiri ya kuwa wao si mali yao wenyewe, bali ni wa Mungu kwanza, na wa pili ni wa Noyes. Vijana wanaume 38 nao wakajitoa vivyo hivyo. Kwa muda wa miaka kumi walizaliwa watoto 58, na Noyes mwenyewe alizaa wengi kuliko mwanamume mwingine yeyote.

Mmoja wa watoto hao, Pierrepont Noyes, aliyezaliwa mwaka 1870, aliandika kitabu cha utoto wake mwaka 1937. Hakuandika kwa chuki; alimheshimu baba yake, na baadaye alikuwa mkuu wa kiwanda cha Oneida. Lakini asimulia jinsi zamu ya kuonana na mama yake ilipokwisha naye akaanza kulia, mama yake alivyoingiwa na hofu kilio kisisikike, maana adhabu yake ilikuwa kunyimwa zamu ijayo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama yule hakuogopa simba wala njaa. Aliogopa watu wasije wakajua ya kuwa mtoto wake ampenda.

7. Mwisho wa jumuiya

Noyes alizeeka, masikio yake yakawa mazito. Mwaka 1877 alimpa mwanawe Theodore uongozi. Theodore alikuwa daktari, naye hakuwa tena na imani ya baba yake. Uongozi ukamshinda upesi. Kundi jingine likainuka ndani, likiuliza: Noyes alipewa na nani haki ya kuamua ni nani awe wa kwanza kuwaendea wasichana wetu? Swali hilo lilikuwa zito, maana baadhi ya wasichana hao walikuwa bado wadogo mno, nalo ni ovu ambalo hakuna mafundisho yawezayo kulifunika. Nje nako, Profesa John Mears wa chuo cha Hamilton aliwakusanya wachungaji kuishtaki jumuiya.

Usiku mmoja wa Juni 1879 Noyes alitoroka akaenda Kanada, akihofu kukamatwa. Katika Agosti aliandika barua kutoka huko, akishauri ndoa ya wote iachwe. Jumuiya ikakubali, na siku ya 28 ya mwezi huo ikakoma.

Nini kilifuata? Watu waliokuwa huru kwenda watakako walioana wawili wawili. Katika miezi michache wengi walikuwa wamefunga ndoa, wengine na wazazi wa watoto wao. Tirzah Miller aliolewa na James Herrick mwaka uleule. Wengine hawakupata wa kuwaoa. Wako wanawake waliobaki na watoto, na baba wa watoto hao ameoa mwanamke mwingine. Tarehe 1 Januari 1881 mali iligawanywa kwa hisa, jumuiya ikawa kampuni ya biashara. Kampuni hiyo ikasifika kwa vijiko na uma hata ikatengeneza vyombo huko mpaka mwaka 2005. Noyes alikufa Kanada mwaka 1886.

8. Neno la kujifunza

Msomaji mwenye akili atanipinga hapa. Atasema: "Oneida ilikuwa na mtawala, nayo ililazimisha watu. Watu wa poliamori leo hawana Noyes. Kila mtu hupatana na mwenziwe kwa hiari yake. Mfano wako haufai."

Pingamizi hilo lina nguvu, wala sitalipuuza. Ni kweli ya kuwa leo hakuna anayechoma wanasesere. Ni kweli pia ya kuwa wako watu wanaoishi hivyo kwa heshima na kwa miaka mingi, na mimi siwezi kusema ya kuwa wote wanadanganya. Lakini kumbukeni: Noyes alikuwa mtawala wao, na pia alikuwa tuta lao. Alipoondoka yeye, mto ulipita mahali pake. Wanaoishi leo bila Noyes hawana budi kuifanya kazi ya Noyes wao wenyewe, kila nyumba peke yake: nani akae na nani siku gani, nani atangulizwe, aliyeumia moyo aseme na nani, mtoto ni wa nani mbele ya sheria, na mmoja akiondoka nani amlee. Watu wachache wenye nafasi, fedha na uvumilivu waweza kuifanya kazi hiyo. Basi waseme ya kuwa ni kazi ngumu waliyoichagua. Wasiseme ya kuwa ni asili iliyofunguliwa kamba.

Naye aliye dhaifu katika nyumba ile, atalindwa na nani? Hilo ndilo swali la kuuliza kila ndoa, ya wawili, ya mitala, au ya wengi. Katika Oneida dhaifu alikuwa msichana aliyepangiwa mzee, na mama aliyehesabiwa zamu, na mtoto aliyezuiliwa kulia. Upendo ulienezwa kwa wote, na waliopungukiwa ni wale wasioweza kusema.

Upendo wa pekee waweza kuwa uchoyo, sikatai. Lakini ndio uamkao usiku mtoto akiwa na homa. Anayepewa watu mia tatu kuwapenda sawasawa, huyo amepewa mia tatu wa kuwaacha.

9. Nilivyorudi kwa kijana

Nilipokwisha kujifunza habari hizi nilimtafuta yule kijana, nikamkuta akipalilia migomba ya mama yake. Nikamwambia: "Mwanangu, siku ile nilikujibu vibaya. Jambo lile limepata kuwako." Nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi.

Alisikiliza hata mwisho. Kisha akasema: "Shikamoo yako mwalimu, nisamehe nikiuliza. Wale wa Oneida walikosea, nimeona. Lakini hawakudanganyana. Hapa kwetu yuko mtu mwenye mke mmoja kanisani, na kimada kule ng'ambo ya mto, na watoto wa kule hawana jina la baba. Naye hupewa kiti cha mbele. Je, huyo amewashinda watu wa Oneida?"

Nilikaa kimya kitambo. Nikamjibu: "Hapana, hajawashinda." Naye akaniangalia kama mtu aliyepata mwalimu wake tena.

Ndugu zangu walimu, ndiyo sababu nimeandika somo hili. Tukiwafundisha vijana ya kuwa wawili ni wema, na ya kuwa upendo wa pekee si kongwa, neno letu ni kweli, na watu wa Oneida wenyewe wamelishuhudia pasipo kutaka. Lakini kijana hatalisadiki kwa sababu ya habari za Marekani tu. Atatazama kule ng'ambo ya mto, kisha atatazama kiti cha mbele.

Maswali ya kujiuliza nyumbani au katika mkutano wa walimu

1. Poliamori, mitala na uzinzi wa siri vyatofautianaje? Eleza kila kimoja bila dharau.
2. Kwa nini mifano ya wanyama haitoshi kuamua jinsi watu watakavyoishi?
3. Katika Oneida yako mema gani ambayo nyumba zetu zingefaa kuyafuata, hasa kwa habari za wanawake, wazee na wagonjwa?
4. Kwa nini mama na mtoto wake walitengwa? Je, kwetu ziko desturi zinazomnyima mtoto upendo wa mzazi wake, ingawa kwa sababu nyingine?
5. Katika usharika wako, nani huwaangalia watoto wasio na jina la baba?

Mungu awape wasomaji wote hekima ya kujibu kweli, na ujasiri wa kurudi kumjibu tena mtu mliyemjibu vibaya.